Mlango Uliofungwa Adhuhuri

Asumani alifunga mganda wa mpunga, akaufungua, akaufunga tena, kisha akaufungua kana kwamba mikono yake haikukumbuka kazi iliyotoka kuifanya. Mkewe, Mwayuma, alikuwa nyuma yake, kisu cha kuvunia kikiwa kati ya vidole, na mwanzoni alidhani fundo ndilo lililomkera. Kisha akamtazama mgongoni. Tangu asubuhi jasho lilikuwa likimtiririka na kulowesha shuka aliyoifunga kiunoni. Sasa mgongo ule ulikuwa mkavu. Mwayuma akasogea, akamgusa begani, akauondoa mkono upesi. Ngozi ya mumewe ilikuwa na moto wa chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Alimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa upande wa Pangi, kama alivyozoea. Akamwomba Baba Feza akae kivulini walau mpaka jua lipinde. Asumani alimgeukia kwa macho mekundu na kumwambia kwa ukali kwamba mpunga haumngojei mtu, na kwamba yeye si mtoto wa kulazwa mchana. Maneno yalimtoka mazito, kama ya mtu aliyelewa, naye hakuwahi kuonja pombe tangu alipoingia dini.

Mvua ilikuwa imekatika Kindu kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Katika nchi ya Maniema mawingu hayakai mbali kwa muda mrefu, na watu hawakujua la kufanya na anga tupu kama ile. Lualaba uling'aa hadi ukaumiza macho. Kuku walitembea wametanua mbawa, midomo wazi. Mbwa walilala majini kando ya mto, vichwa tu nje. Mwayuma aliliogopa joto lile, na ndani ya hofu yake mlikuwa na heshima, maana aliona kitu kikubwa kimeikalia nchi bila sauti, na kila kiumbe, kuanzia mtu hadi mti, kimeinamisha kichwa mbele yake.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu vita vya Waarabu na Wazungu vilipokwisha. Posti, kituo cha Wazungu, ilitaka mpunga, na kapita wa mtaa, msimamizi waliyemweka, alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba mitumbwi ya kuuchukua iko njiani, na ambaye kapu lake halitajaa atasimamishwa mbele za watu. Hilo peke yake lingetosha kumpeleka mtu shambani adhuhuri. Lakini Asumani alikuwa na mzigo mwingine. Hii ilikuwa Ramadhani yake ya kwanza. Alisilimu baada ya vita, akaacha jina alilopewa na wazazi wake, na kila Ijumaa alikaa safu ya nyuma kabisa msikitini pamoja na wageni wenzake wa dini. Mwezi ulipoandama, wanaume wawili wa safu za mbele walicheka mbele yake, wakabishania ni siku gani huyu mshenzi atakutwa kijitoni akinywa maji kwa viganja. Asumani alicheka pamoja nao. Usiku ule alimwambia mkewe kwamba watangoja mpaka wachoke.

Mwayuma naye alifunga. Yeye alizaliwa ndani ya dini, katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja mungwana, mama yake akiwa mtumwa wa jikoni, na saumu kwake ilikuwa jambo la kila mwaka kama mavuno. Hakuna aliyewahi kubishania saumu yake.

Asumani aliinama kuchukua mganda mwingine. Goti moja likakataa. Akaanguka kifudifudi katikati ya mpunga, na mashina makavu yakavunjika chini yake kwa mlio kama wa moto unaoshika kuni.

* * *

Jirani yao Abedi, mtu wa makamo aliyekuwa akivuna ng'ambo ya kijia, alisikia Mwayuma akiita, akaja na mkeka. Waliufunga kwenye mti wa kubebea kapu, wakamlaza Asumani humo, Abedi mbele na Mwayuma nyuma. Abedi alitaka wampeleke nyumbani kwanza. Mwayuma alisema hapana, wanakwenda kwa tabibu.

Kila mtu wa Kindu alimjua Tabibu Nasoro. Alikuja na misafara ya pwani akiwa kijana, akawatibu watu wa misafara ile homa, vidonda na kuumwa na nyoka, na vita vilipowatawanya matajiri wake yeye alibaki. Nyumba yake ilikuwa upande wa Kasuku, karibu na mto, nyumba ya udongo yenye baraza pana na uani kwake miti ya milimau. Alikuwa na utaratibu wake. Wagonjwa walipokewa asubuhi mpaka jua likaribie utosini. Kisha mlango wa ua ulifungwa, tabibu akapumzika, na haukufunguliwa tena mpaka alasiri. Katika Ramadhani utaratibu huo ulikuwa mkali zaidi. Watu waliuheshimu. Walisema mzee wa umri ule, anayefunga saumu huku anatibu watu katika joto kama hili, ana haki ya kulala kidogo. Wengine walimtaja kwa watoto wao kama mfano.

Njiani Asumani alianza kusema. Alisema na watu wasiokuwepo, akawapa amri, akacheka. Mikono yake ilining'inia nje ya mkeka na kugonga nyasi. Mwayuma alikuwa na mti begani, ulimi umemshika kwenye kaakaa, na jua lilimpiga utosini hata akaona njia ikitikisika kama kitambaa. Hakuomba wapumzike. Abedi alipoomba, alimwambia atapumzika wakifika.

Nje ya ua wa tabibu, ukutani penye kivuli chembamba, watu walikuwa wameketi mkekani wakingoja alasiri: mwanamke mja mzito aliyevimba miguu, mzee mwenye kikohozi, mama na kitoto, kijana mwenye kidonda cha mguu, ndugu zao waliowasindikiza. Miongoni mwa wasindikizaji Mwayuma aliwatambua wale wanaume wawili wa safu za mbele. Mmoja wao alikuwa amemleta baba yake, yule mzee wa kikohozi. Walimwangalia Asumani kwenye mkeka. Hakuna aliyecheka.

Mlangoni alikaa Masudi, bawabu wa tabibu kwa miaka mingi, mtu mrefu mwenye kanzu iliyotiwa viraka kwa uzi wa rangi nyingine. Hakuinuka.

"Tabibu analala," alisema. "Rudi alasiri."

Mwayuma alimweleza kwamba mgonjwa huyu hatafika alasiri. Masudi akasema kila mgonjwa husema hivyo. Akamwangalia miguu yake isiyo na viatu, kanga yake iliyofifia, makapi ya mpunga nyweleni, kisha akauliza swali ambalo katika mji ule lilikuwa kama ufunguo, maana kabla ya vita hakuna aliyepita mlango wowote bila kulijibu.

"Wewe muntu wa nani?"

Zamani Mwayuma angetaja jina la mfanyabiashara yule, na jina lingemfungulia. Lakini mwenye jina alikufa vitani, nyumba yake ilibomoka, na sasa mbuzi walilala palipokuwa sebule. Watu waliokuwa ukutani walimtazama. Alihisi uso ukimwaka kwa moto mwingine usiokuwa wa jua. Kisha akatazama chini, kwenye mkeka, akamwona mumewe akihangaika kupumua.

"Mimi niko muntu wa huyu," alisema. "Na huyu iko muntu wangu. Hapana mwingine. Fungua mulango, Masudi, ao nitapiga kelele mpaka tabibu aamuke."

Masudi aliinuka sasa, akasimama mbele ya mlango mikono imetanda. Katika macho yake Mwayuma aliona kitu ambacho hakukitarajia. Ilikuwa hofu. Mtu mzima yule alikuwa akiogopa kwamba mlango ule utafunguliwa, na hofu yake haikumhusu Mwayuma hata kidogo. Alianza kumsihi kwa sauti ya chini, akimwita mama, angoje kidogo tu, kidogo tu.

Mlango ukafunguliwa kwa ndani.

Tabibu Nasoro alikuwa amevaa kikoi na fulana, bila kilemba, na kichwa chake kilikuwa kidogo na cheupe kama yai. Hakumtazama Masudi. Aliinama juu ya mkeka, akaweka mgongo wa kiganja shingoni kwa Asumani, akamfunua kope, akamwita kwa sauti kubwa, akangoja jibu ambalo halikuja.

"Mumemuleta saa yake haijapita," alisema. "Ingieni. Wote mulio na mikono, ingieni."

* * *

Alimlaza chini ya milimau, mahali ambapo upepo wowote, kama ungekuwepo, ungepita. Akamvua shuka yote isipokuwa kitambaa cha kumsitiri. Alisema joto limeingia ndani ya mtu huyu na limefunga njia ya jasho, na kama halitatolewa sasa litapika ubongo wake. Hakuna dawa ya kunywa itakayolitoa. Maji ndiyo yatakayolitoa, maji mengi, nje ya mwili, bila kukoma. Abedi alikimbilia mtungi wa uani, akauinamisha. Ulitosha kumlowesha mara moja tu.

Basi tabibu akawageukia wale waliokuwa ukutani. Aliwaambia mto uko pale chini, na kwamba anahitaji maji yafike bila kukatika.

Mwayuma hakusahau alichokiona baada ya hapo mpaka uzee wake. Watu walisimama. Walijipanga kutoka mtoni hadi chini ya milimau, mtu na mtu, na vyombo vikaanza kupita: vibuyu, vyungu, sufuria ya shaba ya tabibu, hata bakuli la kitoto. Wote walikuwa wamefunga isipokuwa kitoto. Midomo yao ilikuwa imepasuka kwa kiu. Maji yalipita mikononi mwao yakiwa baridi, yakamwagika vifundoni, yakawarukia nyusoni, na kila mmoja aliyapeleka kwa mwenzake. Hakuna ulimi uliotoka. Wale wanaume wawili wa safu za mbele walisimama ndani ya mto hadi mapajani, wakichota na kuinua, kuchota na kuinua. Mwayuma alipokea maji ya mwisho na kuyamwaga mwilini mwa mumewe. Ilimwingia akilini kwamba anaona sala ambayo hakuna aliyemfundisha, sala isiyo na maneno, na vinyweleo vikamsimama.

Tabibu aliloweka vitambaa na kuviweka kwapani, shingoni na kinenani. Alimpa Masudi ungo na kumwambia apepee bila kupumzika. Abedi alipotaka kumtilia Asumani maji mdomoni, tabibu alimshika mkono. Asiyejitambua hanyweshwi, alisema. Maji yatapita njia ya pumzi na kumuua mbele yetu.

Kivuli cha milimau kilihama kutoka miguuni kwa Asumani kikapanda kifuani. Kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika. Kisha ngozi ikapoa chini ya kiganja cha Mwayuma, polepole, kama jiwe la jikoni linavyopoa. Pumzi ikatulia. Na juu ya mdomo, katika ile mifereji midogo ya chini ya pua, kikatokea kitone. Mwayuma alidhani ni maji ya mto. Akakifuta. Kikatokea kingine.

"Jasho," alisema Masudi kwa sauti ya mtu aliyeona mwezi.

Neno likapita kwenye safu, mtu kwa mtu, mpaka mtoni.

* * *

Asumani alifumbua macho, akamtazama mkewe, akataja jina lake. Tabibu alimwinua kichwa na kumletea kikombe: maji yenye chumvi kidogo, asali na limau. Yakafika mdomoni. Asumani akafunga midomo.

"Niko na saumu," alisema.

Tabibu alimweleza kwa upole kwamba Mungu hakuweka saumu juu ya mgonjwa. Atakula na kunywa, na siku aliyoiacha atailipa baada ya mwezi, akiwa mzima. Asumani alisikia. Lakini macho yake yalikwenda nyuma ya tabibu, kwa watu waliokuwa wameingia uani na vyombo vitupu, na yakatua kwa wale wanaume wawili wenye shuka zilizolowa hadi kifuani. Akatikisa kichwa. Mwayuma alimsihi kwa jina la Feza. Akatikisa kichwa. Wale wanaume wawili nao walimwambia anywe, na mmoja alimwita ndugu, lakini Asumani alikuwa amewasikia wakicheka siku nyingine na hakuweza kuamini masikio yake. Aligeuza uso, na midomo yake, iliyokuwa nyeupe kwa ukavu, ilibaki imefungwa kama mlango.

Tabibu alikirudisha kikombe kile kifuani kwake. Masudi aliacha kupepea. Bawabu akasema, taratibu, "Bwana, hapana." Tabibu akaketi chini, juu ya udongo uliolowa, mahali ambapo wote walimwona. Akakipeleka kikombe mdomoni mwake, akanywa. Akanywa mafunda makubwa, koo lake jembamba likipanda na kushuka. Akakishusha kikombe na kujifuta ndevu.



"Huu njo mwaka wa tatu sifungi," alisema. "Mwili wangu una ugonjwa wa kiu. Nikikaa bila maji ninaanguka kama huyu. Ruhusa ninayo, ninaijua tangu chuoni, na nimewapa watu wengi ruhusa hiyo. Lakini yangu mwenyewe niliionea haya, nikaificha. Kila adhuhuri muliponiona ninafunga mulango, mulisema muzee anafunga saumu. Nilikuwa ninafunga mulango tu."

Alisema bila kulia wala kuinua sauti. Mwayuma alimtazama mzee yule wa pwani, ambaye mji mzima ulisimama kumwamkia, akiwa amekaa matopeni na fulana iliyoloa, na alihisi kwamba amekaribia mahali ambapo mtu hupaswa kuvua viatu. Alitaka kuangalia chini kwa adabu, akashindwa. Masudi alikuwa amejifunika uso kwa ungo.

Tabibu akakijaza kikombe tena, akakipeleka kwa Asumani.

"Kunywa, mwanangu. Usikae miaka kama mimi."

Asumani alikunywa chote. Akaomba kingine.

Hapo ndipo yule mwanamke mja mzito, mwenye miguu iliyovimba, aliponyoosha mkono. Mwayuma alimpelekea kikombe. Mzee wa kikohozi alimwangalia mwanawe, mwanawe akainamisha kichwa kukubali, na mzee akanywa. Mama mwenye kitoto alikunywa akilia kwa sauti ndogo, akisema maziwa yalikuwa yamemkauka na alikuwa hajamwambia mtu. Kikombe kilizunguka. Waliokuwa wazima walikipokea, wakakipitisha mbele, bila kunywa na bila kumtazama aliyekunywa.

* * *

Siku ile mlango haukufungwa tena. Tabibu aliwahudumia wote, mmoja mmoja, na kila mmoja alimpa onyo lilelile: kazi ifanywe alfajiri na jua likipinda, kichwa kifunikwe, na atakayeona mwenzake ameacha kutoka jasho au anasema maneno ya ovyo asingoje ruhusa ya mtu, amlete. Abedi alirudi shambani kukusanya miganda iliyobaki. Wale wanaume wawili walikwenda naye. Walisema wataingiza mpunga wa Asumani pamoja na wao, na kapita akiwa na neno aje awaulize. Hawakuomba msamaha, na Asumani, aliyekuwa ameketi akiegemea mlimau, hakuwadai. Alimwambia tu mmoja wao mahali alipokiacha kisu chake.

Jua lilipozama, adhana ilisikika kutoka msikitini. Masudi alileta uji wa mpunga kwenye bakuli la udongo na maji kwenye kibuyu, akaviweka mbele ya Mwayuma kabla ya kumpa mtu mwingine yeyote. Alimwamkia kwa mikono miwili.

Mwayuma aliinua kibuyu. Maji yalipogusa ulimi wake, mikono ikaanza kumtetemeka. Maji yakamwagika kifuani. Alijaribu kukishika imara, akashindwa. Meno yalimgongana, miguu ikamcheza, na dunia ikatikisika kama njia ya adhuhuri. Alishangaa. Alikuwa amevuna tangu alfajiri, amembeba mtu juani, amepokea maji ya mto mzima mikononi mwake, na katika muda wote ule hakukumbuka hata mara moja kwamba naye ana kiu.

Tabibu alimwona. Aliacha alichokuwa akifanya, akaja kuchuchumaa mbele yake, akamshika kiganja.

"Mama," aliuliza, "wewe nawe ulikuwa umefunga?"

Mwayuma aliitikia kwa kichwa.

Mzee alikuwa ameona mengi, misafara na vita na wafu wasiohesabika, na sasa alimtazama mwanamke yule wa shambani kama mtu wa bara anavyoutazama Lualaba kwa mara ya kwanza, akitafuta ng'ambo na asiione. Alitaka kuinuka amchanganyie asali na limau, lakini mtu alikuwa amemtangulia. Asumani alikuwa amejivuta kutoka kwenye mlimau, magoti yakiwa bado mazito, na kikombe mkononi. Alipiga magoti kando ya mkewe, akamwekea mkono mmoja nyuma ya shingo, na kwa mkono wa pili akamnywesha, kidogo kidogo, akingoja ameze kabla ya kuinua tena.